Kata ya Kwanza kwa Mama Shamte

Newala enzi za Mjerumani, watu walikaa juu na maji yalikaa chini. Shika hilo kwanza, maana bila hilo hadithi hii haiendi. Uwanda wa Makonde juu umekauka kama gamba la kobe. Ukitaka maji unafika ukingoni, unateremka genge ukishika mizizi, unateka bondeni, halafu unapanda na mtungi kichwani magoti yanalia. Leo bodaboda na madumu yake inakuondolea hiyo shida. Wakati ule mwanamke aliyeondoka alfajiri alirudi jua limeshakuwa kali, na mtungi wenyewe umepungua kwa kuyumba njiani. Kwa hiyo mgeni ukimpa muhogo, umempa chakula. Ukimpa maji, umempa mgongo wako.

Sasa tuko mwaka ule baada ya vita vya Maji Maji kupita Masasi na Umwera. Askari wa Mdachi walichoma nyumba, wakachoma na maghala ya mtama, ili watu wakose hata cha kurudia. Njaa ikaingia. Watu wakaanza kupanda kuja uwandani, wengine kutoka Masasi, wengine Chiwata, wengine Umwera kwenyewe. Mama ana mtoto mgongoni na sufuria kichwani, sufuria tupu. Mzee anatembea na fimbo na hana hata mkeka. Ukimuuliza anaenda wapi, anakuonyesha alikotoka. Kwao kumebaki majivu.

Hao wote walikuwa wanaishia kwa Mama Shamte.

Jina lake hasa ni Adija. Alikuwa Myao, Mwislamu, mjane wa mfanyabiashara wa nta na mpira. Mumewe alijenga nyumba yenye baraza pana inayozunguka pande zote, kusudi wapagazi wake wapate pa kulala safari ikikatiza. Mume akafa, biashara ikafa, wapagazi wakatawanyika. Kisha askari wakamchukua mwanawe, Shamte, kwenda kubebea jeshi mizigo wakati wa vita, na Shamte hakurudi. Vita imekwisha na Shamte hajarudi. Baraza limebaki tupu, anafagia tu.

Wa kwanza kuketi pale alikuwa bibi mmoja wa Kimwera, Sijaona, mguu umevimba mpaka unang'aa. Hakuomba kulala. Aliomba akae kidogo tu apumzike. Akakaa mpaka mwisho wa hadithi hii.

Baada ya Sijaona wakaja wengine, na Mama Shamte akawa na utaratibu wake. Aliweka chungu kikubwa mlangoni, maji ndani, na juu ya maji ananyunyiza unga wa mtama kiganja kimoja anakoroga. Alikuwa ameona mtu mwenye njaa ya siku nyingi akinywa maji matupu, tumbo likamkata akagaagaa chini. Ukiweka unga kidogo, tumbo linapokea. Basi kila anayefika, kabla hajasema jina, kabla hajasema katoka wapi, anapewa kata moja ya yale maji meupe. Watu waliiita hiyo kata ya kwanza. Ukishakunywa ndo unasalimiwa, ndo unaulizwa habari za huko.

Ukimuuliza Mama Shamte kwa nini haulizi jina kwanza, alikuwa anasema Shamte wake naye huko aliko lazima amesimama mlangoni kwa mtu, na anaomba Mungu huyo mtu asiwe na maswali mengi.

Kuna waliolala pale barazani, mstari kwa mstari, na kuna waliokuja mchana tu. Hawa wa mchana walikuwa na vibanda vyao porini, walijificha huko kwa woga. Wanakuja, wanapewa kata, wananyolewa nywele zenye chawa, wanachemsha mizizi ya ming'oko waliyochimba, wanakaa na watu wengine kidogo wasikie sauti za binadamu, jioni wanapotea tena. Mama mmoja alikuja kila asubuhi, akakaa pembeni akisuka ukindu, jioni akaenda zake, na hakuna aliyewahi kumsikia akiongea. Mama Shamte aliacha kumsemesha. Alimwekea ukindu tu.

Ukisikiliza hivi unaona ni jambo zuri, na lilikuwa zuri. Lakini waulize majirani.

Majirani walichoka. Baraza lile lilikuwa linakunywa maji kama mchanga. Mama Shamte mwenyewe alikuwa mtu mzima, alishuka bondeni mara moja kwa siku na mara moja haitoshi, kwa hiyo akawa anaomba. Leo anaomba mtungi kwa huyu, kesho kibuyu kwa yule. Mwanasha, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwake, alikuta mashina ya muhogo wake yameng'olewa, nyayo zinaelekea barazani, na hakunyamaza. Alisema mbele ya Jumbe Hamidu kwamba lile baraza lifungwe. Alisema yeye ana watoto, na watoto wake wanaoga kwa kulowesha kitambaa ili watu asiowajua wanywe. Jumbe Hamidu, mkubwa wa mji wetu aliyewekwa na serikali, alimsikiliza akatikisa kichwa, na hakusema ndiyo wala hapana. Ndo ilikuwa tabia yake.

Mmoja tu alikuwa anapeleka maji bila kuombwa. Anaitwa Stamili.

Stamili alikuwa Mmakonde wa hapo hapo, mwenye ndonya kwenye mdomo wa juu, kipande cha mti mweusi cha duara kama sahani ndogo, na akiongea ndonya inacheza. Na alikuwa anaongea. Yeye na Mama Shamte ni watani, Mmakonde na Myao, na utani wao haukuwa wa kubembelezana. Anapanda genge na mitungi yake, mmoja wa kwake na mmoja wa barazani, anafika anautua, kisha anaanza. Kwamba Wayao wanatembea sana kwa sababu kwao hawatakiwi. Kwamba Mama Shamte anakusanya watu ili awauze, ndiyo kazi ya ukoo wao. Mama Shamte naye anamjibu huku anakoroga unga, anamwambia mdomo huo angeutumia kupepetea mtama. Wageni wapya walishtuka. Walidhani watapigana. Sijaona ndiye aliyewatuliza, akawaambia kaeni, hao wanapendana, subirini tu watukanane wamalize.

Sasa siku hiyo, bondeni. Kiangazi kimekaza, chemchemi inatoka kidogo kidogo, wanawake wamepanga foleni na mitungi. Mmoja akamuuliza Stamili kwa nini kila siku anajaza miwili, ana ng'ombe nyumbani? Na Stamili, kwa sauti ile ya kufika ng'ambo ya bonde, akasema:

"Huu nampelekea mganga wangu wa Kiyao. Anakoroga dawa ya vita pale barazani, ukinywa risasi haikuingii. Mwenye mume mvivu amlete anyweshwe, labda na uvivu utamtoka."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga maji, na kumwaga maji pale si mchezo. Hakuna aliyefikiria chochote. Mtani kamsema mtani wake, jambo limekwisha.

Lakini chini kidogo, kwenye mkondo, askari mmoja alikuwa anafua shati. Yeye alitoka mbali, na Umwera alipigana. Aliwaona kwa macho yake watu wanaokuja mbele ya bunduki wakiamini ile dawa, maji yaliyochanganywa na mtama na mbarika, wanakuja wanaimba, wanaanguka, na nyuma yao wengine wanakuja. Hakucheka. Alikamua shati lake likiwa bado na sabuni, akapanda.

Kambini mkubwa alikuwa shaushi, sajini wa askari, Msudani, mrefu, kofia nyekundu. Bwana Mkubwa wa Kijerumani alikuwa ameteremka Lindi, anategemewa kurudi wakati wowote, na shaushi ndiye aliyeachiwa mji. Mtu aliyeachiwa mji baada ya vita kama ile hawezi kusikia neno hilo akalala. Mchana ule ule akaja na askari wake.

Na hebu fikiria alichokiona. Watu wa Umwera wamepanga mstari. Mwanamke mtu mzima amesimama mlangoni na chungu. Ndani ya chungu maji, na juu ya maji unga wa mtama unaelea. Kila anayefika anakunywa kata moja, na hakuna anayetaja jina. Yaani ungekuwa wewe shaushi, ungefikiri nini?

Watu walikimbilia porini mpaka mikeka ikabaki inapepea. Alibaki Sijaona na mguu wake. Jumbe Hamidu akaitwa atafsiri, maana Kiswahili cha shaushi kilikuwa cha kambini, amri na matusi tu. Shaushi akauliza ndani ya chungu kuna nini. Mama Shamte akasema maji na unga. Shaushi akasema ndiyo, najua, hata kule Umwera walisema ni maji tu. Akaamuru afungwe mikono. Wakati wanaondoka naye, Jumbe Hamidu akajikaza akauliza nani kamshitaki, na shaushi akasema mwanamke wa mji huu huu, yule mwenye ndonya anayepiga kelele bondeni.

Kule Umwera mtu aliyegawa maji ya vita alinyongwa. Hilo lilijulikana, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mama Shamte akafungwa kwenye mti katikati ya uwanja wa kambi, juani, kumsubiri Bwana Mkubwa.

Habari ilimkuta Stamili anatwanga. Aliachia mchi ukaanguka upande wake, akaenda kambini vile vile na pumba mikononi.

Alimweleza shaushi kila kitu. Kwamba alisema yeye, kwamba ni utani, kwamba yeye na yule mama wanasemana hivyo tangu zamani. Jumbe Hamidu akatafsiri, lakini neno utani alilipitisha haraka haraka kama mtu anayeruka moto. Shaushi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: watu wamekufa kwa jambo hili, maelfu, sasa nani analifanyia mzaha? Akasema ama bondeni alisema kweli na hapa anadanganya, ama bondeni alidanganya. Kama alidanganya, viboko vipo. Lakini yule kwenye mti habanduki.

Stamili akamgeukia Jumbe Hamidu amsaidie. Jumbe anaujua utani, kakulia humo humo, msiba wa baba yake mwenyewe waliuendesha watani. Akatazama chini. Wakati anamsindikiza mpaka getini ndo akasema, taratibu:

"Stamili, mimi nina watoto. Mwaka jana kila aliyemtetea mtu wa maji alikwenda naye."

Wakati anatoka Stamili alipita karibu na ule mti. Mama Shamte alikuwa amefumba macho, midomo imepasuka kwa kiu. Ndo mara ya kwanza watu kumwona amepita mbele ya mtani wake kimya kama anapita mbele ya mkwe.

Kesho yake bondeni hakukuwa na kicheko. Foleni ipo, mitungi ipo, watu wanateka bila kutazamana. Stamili aliweka mitungi yake chini akawaambia kwamba zamu ya kupeleka maji ya kambi leo ni ya upande wao, na anaomba waende wote pamoja, na kila mmoja akaseme kwamba maji ya chungu kile aliyateka yeye.

Wakakataa. Walikuwa na haki ya kukataa. Mmoja akasema ulimi wa Stamili ndo ulioleta balaa, basi ulimi huo huo uliondoe. Mwingine akasema kwa uchungu tu kwamba tangu jana mtungi wake umetosha nyumbani, na hajui kama ni vibaya kufurahi. Hakuna aliyemcheka. Kuna waliomkumbuka Mama Shamte alivyowauguza watoto wao, na kuna waliokumbuka chawa waliotoka barazani. Wakaanza kubishana, sauti zinapanda, mpaka Mwanasha, yule wa muhogo, akajitwika mtungi wake akasimama mbele ya njia.

"Mimi nataka lile baraza lifungwe," akasema. "Nimelisema mbele ya jumbe na nitalisema tena. Lakini nataka tulifunge sisi. Halifungi mtu wa bunduki."

Akaanza kupanda. Na ukishaona Mwanasha mwenyewe anapanda, wewe utabaki kufanya nini? Wakapanda wote.

Waliingia uwanjani mwa kambi mstari mmoja, mitungi vichwani, hawasemi. Askari walidhani ni maji yao ya kawaida wakawapisha. Wanawake wakatua mitungi mbele ya shaushi, palepale alipokuwa amekaa na birauli yake ya chai, wakakaa chini nyuma ya mitungi. Jumbe Hamidu akaitwa mbio.

Mwanasha akaanza. Akasema maji ya chungu kile aliteka yeye. Aliyemfuata akasema aliteka yeye. Na wa tatu. Ikaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, na nadhani wengine hawakuwahi kumpelekea Mama Shamte hata tone, lakini siku hiyo wote waliteka. Kisha Stamili akainuka. Akafungua fundo la khanga akatoa unga wa mtama, akanyunyiza kwenye mtungi wake, akakoroga kwa mkono. Akateka kata akanywa yote, maji yakamchuruzika kwenye ndonya. Akateka ya pili, akampelekea Jumbe Hamidu.

Hapo pakawa pagumu. Jumbe akiikataa ile kata, amesema mbele ya watu wote kwamba ni dawa. Akiinywa, na Bwana Mkubwa akirudi akiamini ni dawa, basi jumbe naye ni mtu wa maji. Aliitazama. Akamtazama Mama Shamte kwenye mti. Wanawake wote wanamwangalia, wake zake wawili wakiwa humo humo.

Akainywa. Taratibu, mpaka ikaisha, akapangusa ndevu.

Shaushi akasimama. Alikuwa amekasirika sasa, na nyuma ya hasira kuna woga, maana yote haya yalifanana na yale yale aliyoyaona vitani. Akauliza maana yake nini. Na Stamili akamjibu, na safari hii Jumbe Hamidu akatafsiri neno kwa neno, haruki kitu:

"Effendi, waliokunywa dawa walisema risasi haiui. Mimi nimekunywa mbele yako. Nipige. Nitakufa, tena nitaanguka hapa hapa kama mbuzi, nawe utajua kama haya ni dawa au ni uji wa maskini. Na maji uliyochemshia hiyo chai yako nimeyateka mimi juzi, chemchemi ile ile."

Shaushi akaishusha birauli. Akanyoosha mkono, askari akampa bunduki. Akasikika mtoto mmoja tu analia mgongoni kwa mama yake. Shaushi akavuta komeo, kraa, risasi ikakaa.

Stamili alilitazama lile tundu la bunduki. Lakini mdomo ule, jamani, haukujua kunyamaza.

"Ila mfungue Mama Shamte kwanza," akasema. "Sisi mtu akifa watani ndio wanaomzika. Na wangu umemfunga kwenye mti. Nani atanizika?"

Sauti ikatoka kwenye mti, imekauka, inakwaruza. Mama Shamte tangu afungwe hakuwa ametamka neno.

"Simziki," akasema. "Effendi, huyu usimpige, mimi simziki. Hiyo ndonya peke yake inataka kaburi lake."

Stamili akageuka, bunduki ikabaki inamtazama mgongoni.

"Utanizika. Babu yako alimuuza babu yangu kwa doti moja ya kaniki, tena kaniki yenyewe imetoboka. Leo kunichimbia shimo unaona kazi?"

"Alimwachia kwa bei hiyo kwa sababu alikuwa mlafi. Kama wewe."

Mwanasha ndiye aliyeanza. Alijaribu kukibana kicheko, kikatoka kama kikohozi, kikamponyoka, akacheka. Kikamshika wa pili yake, na wa tatu, mpaka mstari mzima wanacheka huku wanafuta machozi, na machozi yenyewe hujui ni ya nini. Jumbe Hamidu akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Na wale wawili hawakuwa wanawaangalia. Stamili analia waziwazi, Mama Shamte kwenye kamba zake analia, na wanatukanana.

Shaushi alisimama na bunduki yake. Alimwangalia aliyeshitaki, akamwangalia aliyeshitakiwa, akarudia tena. Akamuuliza Jumbe Hamidu hiki ni kitu gani.

"Ni utani, effendi," Jumbe Hamidu akasema, na safari hii hakulikimbia neno. "Babu zao waliuana. Wajukuu wakaona kutukanana kunatosha. Jana nilipaswa kukueleza vizuri, sikukueleza."

Sijui shaushi alifikiria nini. Labda alikumbuka watu wa kwao, labda alipiga hesabu tu ya nani atamshukia genge kumletea maji ya kuoga kama akiwafunga wanawake wote wa mji. Alitoa risasi, akairudisha mfukoni. Akatikisa kichwa kuelekea kwenye mti, askari wakaenda kufungua. Ila hakutaka waondoke hivi hivi, mkubwa ni mkubwa. Akaamuru kile chungu cha mlangoni kikavunjwe, na akasema akisikia tena neno la dawa ya vita kwenye mji huu, kwa mzaha ama kwa kweli, atawafunga hawa wawili kwenye kamba moja.

Mama Shamte alikuwa anasugua mikono yake iliyochubuka. Akasema kwa Kiyao kwamba kufungwa kamba moja na huyu, bora kunyongwa.

Jumbe Hamidu hiyo hakuitafsiri.

Chungu kilivunjwa kweli. Wageni walirudi kutoka porini mmoja mmoja, wanachungulia kwanza, wakamkuta Sijaona amekaa palepale, vigae mbele yake, anawaambia wapite. Yule mama wa ukindu naye akarudi, akakaa pembeni yake, akaendelea na mkeka alipoishia.

Na Mwanasha? Hakuacha kusema baraza lifungwe. Ila alisema, maadamu halijafungwa, haiwezekani mtu mwenye miguu miwili akae pale anywe mgongo wa mwenzake. Akawakusanya wageni wote wenye nguvu, wanaume kwa wanawake, akawapeleka ukingoni akawaonyesha mzizi wa kushika na jiwe la kutokanyaga. Wanaume wa Kimwera kubeba mitungi kichwani, watu walikuja kuangalia kama ngoma. Mwanasha anawafokea kutoka juu mpaka chini. Mitungi ya majirani ikapumzika, na kuna jioni moja watoto wake walioga maji ya kumwagia, wanapiga makelele.

Kitu kimoja tu hakikurudi. Stamili alikuwa analeta mtungi wake kila asubuhi kama zamani, lakini anautua taratibu, anasema shikamoo, Mama Shamte anaitika marahaba, anaondoka. Hakuna utani. Ulimi wake ulikuwa umemtisha mwenyewe. Mama Shamte anamwangalia anavyoondoka na adabu zake, na inamuuma kuliko kamba. Sijaona anasema nyumba imepoa kama kuna maiti.

Mpaka siku alipofika mwanaume mmoja, kijana, kapanda kutokea upande wa Masasi, mabega yamechubuka kwa mizigo ya watu. Si Shamte. Mama Shamte alimwona kwa mbali akasimama, kisha alipomwona vizuri akakaa tena. Kijana amefika barazani, chungu hakuna, maji ya asubuhi yameisha, watu wamejaa mlangoni. Na Stamili huyo anatokea, mtungi kichwani, anatafuta pa kupita na heshima zake, hodi, samahani, naomba njia.

Mama Shamte akasema kwa sauti ya kufika kambini:

"Mpisheni mganga apite."

Watu waliganda. Wengine waligeuka kuangalia njia kama kuna kofia nyekundu. Stamili naye akasimama na mtungi wake, macho yamemtoka. Akamwangalia mtani wake, zile alama za kamba bado mbichi mikononi.

Akatua mtungi. Akafungua fundo la khanga, akatoa unga, akakoroga.

"Myao wewe," akasema, na ndonya ikacheza, "kamba zilikuwa zinakufaa. Zingekaa mpaka masika."

Kisha akateka kata, akamnyooshea yule kijana kwa mikono miwili, akamwambia anywe kwanza, jina atasema baadaye.